Msaada: kompyuta ya 486 ya marehemu baba mdogo inadai RAM mbovu, lakini kila kijiti peke yake ni kizima

#1 Mwana wa Pangani
Wakuu, habari za jioni. Baba mdogo alikuwa na ofisi ya kupiga chapa Tanga mjini: barua za maombi ya kazi, risala za harusi, mitihani ya shule za jirani. Mashine aliyoanzia ofisi ile mwaka 1994 nimeikuta stoo kwa shangazi, imefunikwa kanga, juu yake kuna gunia la nazi. Mafaili nimeshayanakili yote, kwa hiyo naomba asitokee mtu wa kuniambia "toa diski tu utupe lililobaki". Mimi nataka mashine yenyewe iwake kama alivyoiacha.

Prosesa ni 486DX2 ya megahezi 66, RAM (kumbukumbu) megabaiti 16 kwa vijiti viwili vya 8 (SIMM za pini 72), keshi ya nje (kumbukumbu ndogo ya kasi kati ya prosesa na RAM) kilobaiti 256, mfumo wa DOS 6.22. Ikiwaka, BIOS (programu ya bodi inayoamsha mashine) inahesabu kumbukumbu mpaka mwisho bila neno. Ikifika kwenye kupakia HIMEM.SYS, programu ya DOS inayosimamia kumbukumbu, inasimama na kusema kuna kumbukumbu isiyoaminika kwenye anwani 00A3C410. Siku nyingine inapita salama kabisa, halafu mchezo unaganda katikati. Nianzie wapi?

#2 Kobe Mkavu
Anzia Makumbusho ya Taifa. Wana stoo kubwa kuliko ya shangazi yako.

Natania mkuu. Nimekaa hapa na kahawa nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Redio
Pole na msiba, hata kama ni wa zamani. Kazi ya kwanza haihitaji pesa: badilisha vijiti nafasi, cha kwanza kiende cha pili. Tatizo likihama na kijiti, kijiti kimekufa. Likibaki palepale, bodi ndiyo mgonjwa. Kisha weka kimoja kimoja, kila kimoja usiku mzima. 486 yenye sloti za pini 72 inaruhusu kijiti kimoja, kwa sababu kijiti kina biti 32 na prosesa nayo inasoma biti 32. Wa Pentium, prosesa iliyofuata, ndio waliolazimika kununua jozi.

#4 Chuma Chakavu
Mbona mnahangaika? Fungua CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, kwenye mstari wa HIMEM ongeza /TESTMEM:OFF. Ujumbe hauonekani tena. Karibu.

#5 Binti Solda
#4 wewe ndiye unayeziba kengele ya moto kwa pamba halafu unarudi kulala.

Mleta uzi usimsikilize. Kuanzia DOS 6.2 HIMEM imekuwa ikipima kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti 1 kila mashine inapowaka. Kipimo chake ni chepesi sana, kwa hiyo kama hata chenyewe kimeona kosa, basi kosa lipo. Ile hesabu ya BIOS ndiyo isikudanganye: inakimbia juujuu tu, kama mtu anayehesabu wageni wa harusi kwa kuangalia viatu mlangoni.

Tafuta Memtest86, programu ya kupimia RAM, toleo la zamani linaloingia kwenye flopi. Ukiona makosa, usiniambie "yako mengi". Nataka vitu viwili: anwani, na biti zilizokosea. Biti ikiwa ileile kila mara, tunafuata waya mmoja. Anwani ikiwa ileile, tunafuata chipu moja. Vikirukaruka vyote, tunafuata umeme, joto, au keshi.

#6 Mzee wa Bipu
Vijana mmekimbilia RAM kwa sababu ujumbe umesema RAM. Mimi nauliza: betri iko wapi? Bodi nyingi za enzi hizo zina kipipa kidogo cha Ni-Cd cha volti 3.6, cha bluu au kijani, kimesolderwa kando ya tundu la kibodi. Kikizeeka kinalia machozi, na machozi yale yanakula njia za shaba.

Jirani wa karibu wa kipipa hicho ni chipu inayoendesha kibodi. Nayo tangu zama za IBM AT ilipewa kazi ya pembeni isiyohusiana na kibodi hata kidogo: kufungua na kufunga laini ya anwani A20. A20 ikigoma, prosesa inaomba megabaiti ya pili inapewa ya kwanza. Hapo utaona "RAM mbovu" mpaka ununue vijiti vya Kariakoo nzima. Dau langu ni A20.

#7 Mwana wa Pangani
Shukrani wote. Nimefanya ya Fundi Redio jana usiku.

Kijiti A peke yake sloti ya kwanza: hakuna kosa. Kijiti B peke yake sloti ya kwanza: hakuna kosa. Vyote viwili, A mbele B nyuma: kosa 00A3C410. Vyote viwili, B mbele A nyuma: kosa palepale, 00A3C410, mara moja kati ya mara nne hivi.

Betri: Mzee wa Bipu umepiga ramli? Kipipa cha bluu, kando ya tundu la kibodi, na miguuni kuna unga wa kijani. Nimekikata kwa koleo. Kibodi inafanya kazi.

#8 Hesabu Kali
Tusiende kwa ramli, tupige hesabu. 00A3C410 ni takriban baiti milioni 10.7, yaani ndani ya megabaiti ya kumi na moja. Kijiti cha kwanza kinashika sifuri mpaka 8, cha pili 8 mpaka 16. Kwa hiyo kosa liko kwenye eneo la sloti ya pili, na umebadilisha vijiti lakini lenyewe halijahama. Vijiti vimeachiwa huru na mahakama.

Kuhusu A20: ile herufi A kwenye anwani kwa mfumo wa mbili ni 1010. Sifuri ya mwisho hapo ndiyo biti ya 20. Yaani anwani hii haitumii A20 kabisa. A20 ikikwama chini, zinazoumia ni zile megabaiti ambazo biti hiyo ni moja: kati ya 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6. Na HIMEM ingekwambia wazi imeshindwa kuidhibiti A20. Mzee wangu, shikamoo, lakini dau limeliwa.

#9 Mzee wa Bipu
Marahaba. Dau la A20 nalipa. La betri silipi, maana unga wa kijani umeonekana kwa macho. Machozi yale hayaishii kwenye chipu ya kibodi, yanatambaa chini ya rangi ya bodi hata sentimita kadhaa. Mwana wa Pangani, sugua pale kwa magadi na mswaki.

#10 Zenji Boy
Hapana mzee, magadi hapana! Magadi ni kwa betri za gari, zile za asidi. Ni-Cd inavuja alikali. Ukiweka magadi unamwongezea chumvi aliyekula ng'onda. Tumia siki nyeupe au ndimu, kidogo tu, pamba ya masikioni, mpaka povu liishe. Kisha maji safi, kisha spiriti, kisha feni usiku kucha. Siki ukiiacha nayo inaanza kula.

#11 Mzee wa Bipu
Leo nimeamka vibaya. Ni siki, Zenji Boy yuko sahihi.

#12 Kijana wa Luthuli
Wadau, salamu kutoka Nairobi. Mnasema sloti ya pili, mimi naona kitu kingine kinachofanana nayo kabisa. Hebu nisomeni polepole.

Keshi ya nje ya 256 haiwezi kuhifadhi kila kitu, kwa hiyo kando yake kuna chipu moja ndogo ya lebo. Hiyo inakumbuka kila kipande kilichomo kwenye keshi kimetoka sehemu gani ya RAM. Inafanya hivyo kwa kuandika biti za juu za anwani. Kwa keshi ya 256 inaandika kuanzia biti ya 18 kwenda juu. Sasa chukulia mguu mmoja wa chipu hiyo, ule wa biti ya 23, hauguswi vizuri. Biti ya 23 ndiyo inayotofautisha megabaiti 8 za chini na 8 za juu. Keshi itashindwa kujua kama kilichomo ni cha megabaiti ya 2 au ya 10, maana kwake ni mapacha. Prosesa inaomba cha 10, inapewa cha 2.

Ukiwa na megabaiti 8 tu, biti ya 23 daima ni sifuri, hakuna wa kuchanganywa naye. Ndiyo maana kila kijiti peke yake kinaonekana mzima! Boss, ingia BIOS, zima keshi ya nje, acha ya ndani, pima tena.

#13 Kobe Mkavu
#12 nimesoma mara tatu. Ya tatu nimesimama.

#14 Binti Solda
Kijana wa Luthuli, nadharia tamu, nakiri. Ila ina tundu. Keshi ikichanganya ya 2 na ya 10, haitachagua. Programu yenyewe inakaa chini, kwa hiyo itakanyagwa na data za juu, na mashine itaanguka ovyo kabla haijakuandikia ujumbe mzuri wenye anwani. Yeye anapata anwani moja, ileile, mara moja kati ya nne. Hiyo inanukia mguso mbaya, sio lebo.

#15 Kijana wa Luthuli
Amesema pia michezo inaganda katikati. Hilo umeliruka dada.

#16 Mla Vumbi
Kabla hamjaendelea na keshi, ahakikishe anayo. Sicheki. Mwaka 1996 nilinunua bodi ya 486 mpya kabisa, ndani ya boksi. Chipu za keshi nne nyeusi zinang'aa, BIOS inaandika keshi ipo, mashine inatambaa kama konokono. Miaka baadaye nilichokonoa moja kwa bisibisi: plastiki tupu, ndani hamna kitu, miguu haijaunganishwa popote. Na BIOS ilikuwa imepikwa iseme ipo. Ilikuwa hila inayojulikana duniani miaka ile, sikuwa peke yangu. Lakini nilijiona peke yangu.

#17 Chuma Chakavu
Yaani ulikuwa na /TESTMEM:OFF ya kiwandani 😂

#18 Mwana wa Pangani
Keshi yangu ni ya kweli, programu ya kuipima, CACHECHK, inaona kasi ikishuka baada ya 256. Chipu ziko kwenye soketi, zinatoka.

Matokeo ya Memtest, vijiti vyote viwili, keshi imewashwa: makosa 37 kwa mizunguko mitatu. Anwani zote ziko kati ya 8 na 16. Biti iliyokosea kwenye yote 37 ni 00000400. Yote!

Keshi ya nje imezimwa: mizunguko miwili, usiku mzima, hakuna kosa hata moja.

#19 Kijana wa Luthuli
Asanteni kwa kuja. Chai nakunywa ya maziwa.

#20 Fundi Redio
Usiweke sukari bado. Angalia hiyo 00000400. Hiyo ni biti ya 10 ya data, moja, daima. Lebo ikikosea unapewa neno zima la mahali pengine, biti zote 32 za mgeni. Haiwezekani mara 37 mgeni atofautiane na mwenyeji kwa biti ya 10 tu. Huu ni waya mmoja wa data. Na kwa kuwa waya ule unapita sloti zote mbili na sloti ya kwanza haina shida, basi ni pini ile kwenye sloti ya pili, au solda yake chini ya bodi.

Mleta uzi, ngozi ya sloti zako ni ya rangi gani, fedha au dhahabu? Na vijiti?

#21 Mwana wa Pangani
Sloti fedha. Vijiti dhahabu.

#22 Fundi Redio
Nilijua. Fedha hiyo ni bati. Bati likigusana na dhahabu miaka thelathini, mashine ikipata moto na kupoa, mguso unacheza kidogokidogo, oksidi ya bati inajengeka juu ya dhahabu, na hiyo oksidi haipitishi umeme vizuri. Watengenezaji walishaonya zamani kwamba bati liende na bati, dhahabu na dhahabu, lakini sokoni nani alikuuliza? Ongeza hewa ya chumvi ya Tanga. Ongeza nazi za shangazi.

Safisha dhahabu kwa raba ya penseli, ile nyeupe laini. Ya kufutia kalamu ni sandpepa, itakukwangulia dhahabu yenyewe. Kwenye sloti ingiza kijiti na kukitoa mara kumi, na spiriti. Taratibu na vishikio vya pembeni, kama ni vya plastiki vinavunjika ukivitazama vibaya.

#23 Hesabu Kali
Fundi, naafiki biti ya 10. Lakini ukishaafiki unabaki na deni: kwa nini kuzima keshi kuliponya? Pini mbovu haijali keshi.

#24 Fundi Redio
Inajali. Keshi ikiwa imewashwa, chipuseti, yaani chipu kuu za bodi, inachota RAM kwa mkupuo, kwa mwendo mmoja. Ikizimwa, mwendo unabadilika, kila kitu kinapata nafasi ya kupumua. Mguso dhaifu unafika kwa kuchelewa, na ukisubiriwa kidogo unafika.

#25 Kijana wa Luthuli
Au chipu moja ya keshi, sio ya lebo, ile inayobeba biti 8 mpaka 15, ina seli mbovu kwenye biti ya 10. Waya mmoja, biti moja, na ukizima keshi inapona. Nimelipa deni la Hesabu Kali na la Fundi kwa pamoja.

#26 Binti Solda
Halafu ukiulizwa kwa nini keshi hiyohiyo haikosei chini ya 8 utasemaje? Keshi inatumika kwa zote.

#27 Kijana wa Luthuli
Nitasema nimeingia kwenye mkutano, nitarudi.

#28 Muskati Express
Assalaam alaykum kutoka Muscat. Mnapigana juu ya mlango wakati nyumba haina msingi. Volti je? Vijiti viwili vinakula umeme zaidi ya kimoja. Keshi ikiwaka inakula zaidi ya ikizimwa. Pawasapulai ya miaka 30, kapasita zimekauka, ukiongeza mzigo, ile volti 5 inashuka, na biti dhaifu kuliko zote ndiyo inayoanza kufa. Hiyo biti ya 10 inaweza kuwa mtoto mnyonge tu wa darasa. Pima volti 5 kwenye bodi yenyewe, karibu na sloti za RAM, si kwenye plagi, na upime mashine ikiwa kazini.

#29 Mwana wa Pangani
Kijiti kimoja: 4.86. Viwili na keshi: 4.78.

#30 Muskati Express
Kiwango ni tano kuongeza au kupunguza asilimia tano, yaani mwisho wa chini ni 4.75. Uko ukingoni, miguu inaning'inia. Na multimita inakupa wastani tu. Mawimbi yaliyo juu ya huo wastani huyaoni bila osiloskopu.

#31 Binti Solda
Hii nayo naiheshimu.

#32 Kobe Mkavu
Swali nje ya mada kidogo. Hivi kompyuta si zilipigwa marufuku nchi hii? Mzee wangu husema.

#33 Mzee wa Bipu
Kweli. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta, na televisheni vilevile. Kabla ya hapo Wizara ya Fedha ilishakuwa na yake tangu miaka ya 1960, ICT 1500, kutoka Uingereza. Kwa hiyo mtu aliyefungua ofisi ya chapa na 486 mwaka 1994 Tanga alikuwa mbele, tena sana. Mwaka huo ndio hata televisheni ya bara inaanza kuonekana majumbani.

#34 Zenji Boy
Ya *bara*, mzee. Umesema vizuri. Sisi Unguja tulikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970.

#35 Chuma Chakavu
Haya, ameanza. Mtu mmoja amletee maji.

#36 Jua Kali Mwanza
Samahani kwa kuingia nimechelewa. Nimesoma yote. Kuna jaribio ambalo litanyamazisha nusu ya ukumbi. Achukue kijiti kimoja cha megabaiti 16, akiweke sloti ya kwanza, ya pili ibaki tupu, keshi imewashwa. Ikikosea juu ya 8, sloti ya pili haina hatia na Kijana wa Luthuli ananunuliwa chai nyingine. Isipokosea, keshi haina hatia. Mimi ninacho kijiti hicho, nakituma na basi la kesho.

#37 Hesabu Kali
Hatimaye mtu anafikiri. Bandiko la mwaka.

#38 Mla Vumbi
Mleta uzi, vijiti vyako vina chipu nane au tisa? Kama ni tisa ina maana ya tisa ni ya pariti, yaani ya kukagua biti za wenzake, na bodi ikiwashwa pariti ingekukamata siku ya kwanza kwa kusimamisha mashine palepale. Ila tahadhari, miaka ya katikati ya 1990 ziliuzwa pia zenye pariti ya kuigiza: chipu ya tisa haikuhifadhi kitu, ilikuwa inapiga hesabu ya jibu sahihi pale inapoulizwa. Mwanafunzi anajisahihishia mtihani.

#39 Mwana wa Pangani
Nane kila upande, pande mbili. Hakuna pariti.

#40 Kobe Mkavu
Je, haiwezi kuwa miale ya angani? Nilisoma mahali kwamba inageuza biti.

#41 Hesabu Kali
Inageuza. Mwaka 1978 watafiti wa Intel walionyesha kwamba hata kasha la chipu lenyewe, likiwa na chembe za mionzi za asili, linatoa chembe za alfa zinazogeuza biti za DRAM, yaani RAM za aina hii. Lakini mionzi haina kumbukumbu nzuri kiasi cha kurudi biti ya 10 mara 37. Hiyo itakuwa ina kisasi na familia.

#42 Mwana wa Pangani
Wakuu, habari njema. Kijiti cha Mwanza kimefika salama, Jua Kali nakushukuru sana. Mashine imepima usiku kucha na mchana kutwa: HAKUNA KOSA. Nikarudisha vijiti vya zamani viwili, sloti zote mbili, keshi imewashwa: hakuna kosa pia! Nimecheza mpaka saa nane usiku.

#43 Jua Kali Mwanza
Safi! Yaani ulipoweka cha 16 kabla ya kugusa kitu chochote hakikukosea, sivyo?

#44 Mwana wa Pangani
Hapana, nilisubiri siku tatu basi lilichelewa, nikaona nisikae bure. Nilisafisha unga wa kijani kwa siki, nikasugua dhahabu kwa raba, nikaingiza na kutoa vijiti mara kumi kama Fundi alivyosema, nikapitisha solda upya chini ya sloti ya pili, chipu za keshi nikazitoa zote nikazirudisha, na pawasapulai nikaazima nyingine kwa jirani. Inatoa 5.02.

#45 Binti Solda
Mama yangu.

#46 Hesabu Kali
Vitu sita kwa usiku mmoja.

#47 Kijana wa Luthuli
Nimetoka mkutanoni. Chipu za keshi zilitolewa na kurudishwa, mguso ukasafishika. Nilisema.

#48 Fundi Redio
Sloti ilisafishwa NA kusolderwa. Nilisema mapema zaidi.

#49 Muskati Express
5.02.

#50 Mzee wa Bipu
Siki.

#51 Jua Kali Mwanza
Na kijiti changu kasi yake ni nanosekunde 60. Vyake vimeandikwaje?

#52 Mwana wa Pangani
70.

#53 Jua Kali Mwanza
Basi changu kina kasi kuliko vyako, hata lile jaribio langu lingekuwa na doa. Haya. Rudisha pawasapulai ya zamani, kitu kimoja tu, usiguse kingine chochote, upime. Kosa likirudi ndugu wa Muscat ameshinda.

#54 Mwana wa Pangani
Nimerudisha. 4.78 ileile. Siku mbili, hakuna kosa.

#55 Muskati Express
Nakubali kwa sasa. Lakini kapasita zile zibadilishe, nakuomba, usingoje ziondoke na bodi.

#56 Chuma Chakavu
Mshindi ni mimi. Siku ya kwanza nilisema ujumbe utaondoka na umeondoka.

#57 Mwana wa Pangani
Nimerudi baada ya wiki tatu. Jana mvua kubwa hapa, umeme ukakatika mara mbili, chumba kina unyevu mpaka kuta zinatoa jasho. Nikawasha. HIMEM: kumbukumbu isiyoaminika. Nikazima, nikawasha, ikapita. Leo jua limetoka, haijarudia.

#58 Fundi Redio
Unyevu! Solda yako upande wa sloti ina ufa, au flaksi, ule utomvu wa kusolda, haikusafishwa ikabaki inanyonya maji.

#59 Mzee wa Bipu
Unyevu unaamsha alikali iliyobaki chini ya rangi. Haikuisha. Huwa haiishi kwa mara moja.

#60 Kijana wa Luthuli
Umeme kukatika mara mbili, nani amesema unyevu?

#61 Binti Solda
Nyamazeni wote kwanza. Mwana wa Pangani, anwani ilikuwa ngapi?

#62 Mwana wa Pangani
Sikuiandika dada. Nilishtuka nikabonyeza swichi.

#63 Binti Solda
Chukua penseli, ile yenye raba. Ikae juu ya kibodi. Mvua ijayo tuko hapa.